Viti vinaongezwa, maji ni yale yale!

Mabega yananiuma. Jumamosi iliyopita mama kanipigia simu alfajiri, eti niende Mabogini nikamsaidie kupeleka mpunga mashineni. Mtoto wa kike wa mjini, kucha nimepaka rangi juzi tu, naambiwa kamata gunia. Utakataa? Si mama huyo!

Basi nikadandia Hiace pale stendi ya Moshi. Pasua tukaiacha nyuma, na konda hajamaliza hata kugombana na abiria wake kuhusu chenji, tukawa tumefika. Ndivyo Mabogini ilivyo siku hizi. Nyumba za bati jipya zimebanana mpaka unajiuliza mji umeishia wapi. Mji haujaishia, bwana. Kilichoishia ni mpaka. Mimi wa huku juu napiga kura Jimbo la Moshi Mjini. Mama, ambaye jogoo wake akiwika nusura nimsikie, yuko Moshi Vijijini.

Shika hapo hapo kwenye mpaka, maana ndiyo habari ya leo.

Mashineni foleni kama ya mafuta ya taa enzi zile. Vumbi la pumba, kelele, na wanaume wanaobishana kwa sauti ya kuushinda muungurumo. Simba na Yanga zilikuwa zimeshajadiliwa zikaisha. Mara kijana mmoja wa bodaboda, miwani ya jua kichwani, akapanda juu ya gunia la mtu na kutangaza:

"Sisi tunataka Jimbo la Mabogini! La kwetu wenyewe! Kama wenzetu wamepewa, sisi tuna kasoro gani?"

Makofi yakapigwa. Mwenye gunia akamwambia ashuke.

Msomaji, usicheke. Dogo alikuwa na hoja. Jimbo la Moshi Vijijini linaanzia kule Kibosho na Uru, kwenye migomba na kahawa, likateremka mpaka huku tambarare kwenye mpunga, na Arusha Chini kwenye miwa. Shida za mlimani siyo shida za huku. Mtu wa juu analilia bei ya kahawa na barabara ya utelezi. Mtu wa Mabogini analilia maji: mvua ikizidi yanamfuata mpaka chumbani, kiangazi kikija hayaonekani shambani.

Na hapo kwenye maji ndipo mama yangu anapoingia.

Mama ana ploti moja kwenye ule mradi wa Lower Moshi. Kwa wale waliozaliwa juzi: mradi huu ulikamilika mwaka 1987 kwa fedha za Japani, kiasi cha hekta 2,300, na kati ya hizo zipatazo 1,100 zilipangiwa mpunga. Maji yanatoka mto Njoro na mto Rau. Mavuno yakawa bomba. Majirani walioko nje ya mradi wakaona, wakasema hata sisi tunataka, wakaanza kulima mpunga na kuchepusha maji kutoka mito ile ile. Watu wakaongezeka, mashamba yakaongezeka, mito haikuongezeka. Matokeo yake ploti zinapewa maji kwa zamu, na zipo zinazokaa msimu mzima kavu. Ya mama ilikaa kavu misimu miwili. Ada yangu ya chuo mwaka ule ililipwa na mbuzi, si mpunga.

Kwa hiyo dogo aliposema mbunge wa Mabogini atapigania maji ya Mabogini tu, hata mimi moyo ulidunda. Nilikaribia kupanda gunia.

Haya, tuache jazba tuangalie kilichotokea. Mei 12, 2025, Mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji Jacobs Mwambegele, alitangaza majimbo mapya 8: Kivule na Chamazi za Dar es Salaam, Mtumba ya Dodoma, Uyole ya Mbeya, Bariadi Mjini ya Simiyu, Katoro na Chato Kusini za Geita, na Itwangi ya Shinyanga. Majimbo ya nchi nzima yakatoka 264 kufika 272, yaani 222 ya Bara na 50 ya Zanzibar. Kilimanjaro hatukuambulia kitu. Tulikuwa na 9, tumebaki na 9.

"Umeona sasa?" dogo akanigeukia baada ya kusikia natiririka. "Dada, wewe ni mwandishi. Andika kwamba tumeonewa!"

Nikasema ngoja kwanza. Kabla sijaandika tumeonewa, nipige hesabu. Nikaomba karatasi, nikapewa kipande cha mfuko wa saruji. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akanipa kalamu. Nikamwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia "Marahaba mwanangu, hebu tuone," akasogea.

Sensa ya 2022 inasema hivi. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi ina watu 535,803, na imegawanywa majimbo mawili, Moshi Vijijini na Vunjo. Wastani, kila mbunge anabeba watu kama 267,900. Moshi Mjini kuna watu 221,733, mbunge mmoja. Rombo 275,314, mmoja. Hai 240,999, mmoja. Sasa kaa vizuri: Mwanga watu 148,763, mmoja. Siha 139,019, mmoja. Same watu 300,303, wabunge wawili, kila mmoja kama 150,000.

Loh! Yaani mtu wa Siha akitumbukiza kura yake, ina uzito karibu mara mbili ya kura ya mama yangu. Mkoa mmoja, mlima mmoja, mbege ile ile.

Dogo akaruka. "Si nilisema? Tumeonewa!"

"Ngoja," nikamwambia, "karatasi haijaisha."

Tanzania Bara mwaka 2022 ilikuwa na watu 59,851,347. Gawa kwa majimbo 222, unapata kama 269,600 kwa kila mbunge. Mnaona? Mama yangu yuko pale pale kwenye wastani wa Bara. Hajapunjwa na taifa. Ila amekaa jirani na watu waliopakuliwa zaidi, na sahani ya jirani ndiyo inayouma roho kuliko njaa yenyewe.

Na wewe unayesoma hapo Dar, uliyeshangilia kupata Kivule na Chamazi, usinywe soda bado. Mkoa wenu una watu 5,383,728. Hata baada ya nyongeza mna majimbo 12. Kila mbunge wenu anabeba watu kama 448,600! Kura tatu za Dar ndio zinafikia kura moja ya Siha. Kumbe wale tunaowaonea gere kwa kupewa mbili, ndio wamepunjwa kuliko sisi wote.

Mtu mmoja nyuma ya foleni akapaza sauti, "Na Zanzibar je?" Hilo nalo likajibiwa na mfuko wa saruji. Watu 1,889,773, majimbo 50, yaani chini ya watu 38,000 kwa kila jimbo. Watu wakaguna. Lakini tusiwe wepesi wa midomo. Muungano wa 1964 ni wa nchi mbili. Ukigawa viti 272 kwa vichwa peke yake, Zanzibar wangepata 8 hivi, na hapo ndoa ingekuwa ya mmoja kusema na mwingine kuitikia. Hata Marekani jimbo la Wyoming lenye watu wasiofika 600,000 lina maseneta 2, sawasawa na California yenye karibu milioni 39. Ndoa za nchi zina masharti yake. Ugomvi wangu mimi uko Bara kwa Bara, ambako hakuna cheti cha ndoa cha kusingizia.

Basi nikawauliza pale mashineni: tukitaka usawa wa kweli, kila mbunge wa Bara abebe watu 269,600, Kilimanjaro tungestahili viti vingapi? Tuna watu 1,861,934. Babu akagawa kichwani kabla yangu. Zamani walisoma, jamani!

"Saba," akasema.

Kimya. Mashine nayo kama ilisikia, ikazimika.

Saba, msomaji. Sasa hivi tuna tisa. Na Dar, ambao sasa wana kumi na mbili, wangepata ishirini. Yaani dogo wetu anayedai haki kwa sauti kubwa, haki ikija kweli kwa mizani, itamnyang'anya mkoa wake viti viwili. Akashuka kwenye kiti chake cha hewani taratibu, miwani akaishusha machoni.

Halafu hata kanuni za Tume hazimbebi. Kwenye zoezi la 2025 kigezo cha kugawa jimbo la vijijini kilikuwa wastani wa watu 400,000, na la mjini 600,000. Moshi Vijijini ina safari ndefu. Na kati ya vigezo vingine, shika mbavu zako, kimojawapo ni uwezo wa ukumbi wa Bunge kule Dodoma. Naam. Uwakilishi wako unategemea pia nafasi za kukalia. Nilipowaambia, fundi mashine alicheka mpaka akakaa kwenye pumba.

Lakini ukifikiria, hicho kigezo kina akili yake. Hawa watu wanaongezeka tu. Uchaguzi wa 1960, Tanganyika ilikuwa na viti 71. Mwaka 1965, Tanzania ikiwa changa, majimbo yalikuwa 107. Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi 1995 yakawa 232. Mwaka 2015 yakafika 264, na sasa 272. Na juu ya hapo kuna viti maalumu vya wanawake, ambavyo Katiba inataka visipungue asilimia 30, hivyo majimbo yakipanda navyo vinavutwa juu. Weka watano wa Baraza la Wawakilishi, weka wale mpaka kumi wa kuteuliwa na Rais, weka Mwanasheria Mkuu. Kila mmoja ana mshahara, posho na safari. Bili hiyo hailetwi Dodoma, inaletwa kwako kila unaponunua sukari na vocha.

Majirani zetu nao wamo humo humo. Kenya kwa Katiba yao ya 2010 walitoka majimbo 210 wakaruka mpaka 290. Mwaka 2019 Ekuru Aukot akaja na Punguza Mizigo, akitaka wabunge na maseneta wote wasizidi 147. Mabaraza ya kaunti yakaizika. Italia ndio waliothubutu: mwaka 2020 wananchi walipiga kura ya maoni, Bunge likashuka kutoka viti 945 hadi 600. Kwa hiyo kupunguza kunawezekana, ila ujue unamwomba mtu akate tawi alilokalia.

Ila Kenya kuna kitu nimewatamani. Katiba yao imeweka kipimo: jimbo lisizidi wala kupungua wastani wa watu kwa zaidi ya asilimia 30, na kwa majiji na sehemu zenye watu wachache asilimia 40. Wenyewe hawajakifuata kila mahali, lakini kipo kimeandikwa, mtu anaweza kukinyooshea kidole. Yetu, ibara ya 75, inaipa Tume kazi ya kugawa majimbo kwa idhini ya Rais na kuangalia mipaka upya walau kila miaka 10. Kipimo cha asilimia hakimo. Tungekuwa na hicho cha Kenya, Siha, Mwanga na Same zingekuwa chini ya mstari hata ukitumia ile asilimia 40, na Dar ingekuwa juu yake. Tungejua nani kapunjwa bila kupanda magunia.

Hapo Babu akakohoa. Wazee wakikohoa hivyo, kaa kimya.

"Wanangu," akasema, "mimi nimelima hapa tangu mradi unaanza. Tulipoona maji hayatoshi, tulifanya nini? Tuliongeza wagawaji. Kila mtaro ukawa na mgawaji wake, na kila mgawaji anapigania mtaro wake. Maji yaliongezeka? Hayakuongezeka. Kelele ndiyo iliongezeka."

Dogo hakukubali, na nampendea hapo. "Babu, lakini mgawaji akiwa na mitaro miwili ninaweza kumwona. Akiwa na ishirini nitamwona wapi? Mimi tangu nipate kitambulisho sijawahi kumuuliza mbunge yeyote swali nikajibiwa."

Jamani, na yeye ana haki. Ndiyo maana ubishi huu haufi. Babu anaangalia mto, dogo anaangalia mgawaji. Mbunge wa watu 268,000 hawezi kukujua jina, hata akiwa malaika.

Nikaongeza na langu. Viti vya Kilimanjaro mwaka 2015 vilikuwa 9, na upinzani ulichukua 7. Mwaka 2020 vilikuwa 9 vile vile, na CCM ikachukua vyote. Hesabu ya viti haikubadilika, Bunge likabadilika kabisa. Na Oktoba 29, 2025 tulikuwa na majimbo 272, mengi kuliko wakati wowote, wakati Chadema hawakuwemo kwenye karatasi ya kura. Siku ile iliishia kwa vurugu na vifo, intaneti ikazimwa, kila mtu anajua alikuwa wapi. Sisemi zaidi, nina mama. Nasema tu kwamba kuongeza viti mezani siyo kuongeza vyakula vya kuchagua.

Mama alikuwa kimya muda wote, anapepeta mchele wake. Nikamchokoza: "Mama, wewe unataka Jimbo la Mabogini?"

Hakuinua hata macho. "Mimi nataka maji. Na maji yangu hayapigiwi kura Dodoma. Yanapigiwa kura kwenye kikao cha wakulima wa mtaro wetu. Mwaka huu wamekaa vikao vinne. Vijana wote hawa wanaopiga kelele hapa, hakuna niliyemwona hata kimoja. Na wewe mwandishi, ploti ile jina lako liko kwenye karatasi pamoja na langu. Umewahi kuja?"

Mungu wangu. Mbele ya watu! Dogo wa bodaboda akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mimi nikajifanya natafuta simu.

Lakini ngoja niwaambie, maneno yale yaliniingia. Tunapenda kuongelea viti vya mbali kwa sababu havituhitaji tuamke asubuhi. Jimbo likigawanywa au lisigawanywe, mimi nabaki pale pale na rangi yangu ya kucha. Kikao cha mtaro kinanitaka mimi, saa mbili asubuhi, na daftari.

Kwa hiyo leo nasimama hapa. Sidai Jimbo la Mabogini. Nadai kipimo kiandikwe, ili kura ya mama, ya dada wa Chamazi na ya kaka wa Siha zilingane, hata kama kwa kulingana huko mkoa wangu utatoka tisa kuja saba. Ndiyo, nimesema, na najua nikienda sokoni Mbuyuni nitazomewa. Haki inayokuongezea wewe tu kila siku hiyo siyo haki, ni zali. Na wakati tukisubiri Dodoma waandike, kuna vikao vidogo vya maji, vya shule, vya mtaa, ambako viti viko wazi kabisa na hakuna Tume iliyoweka ukomo wa ukumbi.

Zamu ya maji ya mama ilikuwa usiku ule ule, saa nane. Nikabaki. Nikavua viatu, nikashika tochi, yeye akashika jembe. Maji yalipofika yalikuja kidogo kidogo, yakajaza jaruba la kwanza, la pili, la tatu. La nne yakaishia katikati, kwa sababu mtu wa juu alikuwa ameshafungulia kwake.

"Kikao kijacho ni Jumanne," mama akasema gizani.

"Nitakuja," nikamjibu.

Nimeshaomba ruhusa kazini. Kama wiki ijayo kona hii ikichelewa, mjue niko Mabogini, nimekaa kwenye kiti changu. Tuonane!